Faili Iliyokataa Kufunguka

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, kuku watano na kompyuta ya Linux yenye faili moja iliyokataa kufunguka. Kuku sikuwa na shida nao. Faili ndiyo iliyonikosesha raha, kwa sababu miezi yake ya mwisho alikuwa anakaa kwenye kompyuta hiyo kila jioni, na nikiingia tu anaifunika. Nilijua ni mwanamke. Nilijua hata ni yupi: yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya aliyoifundisha. Mimi nilikuwa nimeshaihama kwaya hiyo kwa hasira, bila kumwambia mtu sababu.

Nikaipeleka kwa fundi mjini Nakuru. Akaitazama, akasema mashine haina programu ya kufungua faili ya aina hiyo.

"Mathe, niachie hadi Jumatatu, nitakuwekea."

"Nikuachie? Wee! Ukae hapa ukisoma mambo ya nyumba yangu?"

Akacheka, akaniandikia jina la programu kwenye karatasi. Akanionyesha kwamba ndani ya kompyuta mlikuwa na maduka mawili ya programu ya kuitafutia, na yote ni ya bure. "Chagua lolote, mathe. Yote ni sawa tu."

Ati yote ni sawa! Mimi nimenunua viazi Mau Narok miaka mingi, na nikiambiwa yote ni sawa, namwaga gunia chini kwanza.

Nilipofika nyumbani nikafunga mlango, nikafungua duka la kwanza. Ai, lilivyopambwa! Picha kubwa, nyota tano, watu nisiowajua wakisifu, na kitufe kimoja cha kubonyeza. Hao wanaosifu ni nani, na nani amewatuma? Juu ya gunia siku zote unapangiwa viazi vya kupendeza. Vidogo na vilivyooza viko chini. Nikalifunga.

Duka la pili halikuwa na sura. Mistari tu, majina mengi yamebanana, hakuna picha hata moja. Lakini nilipotia alama kwenye lile jina la fundi, likaniandikia kila kitu kitakachoingia, kitakula nafasi kiasi gani, na kama kuna chochote kitakachotolewa. Hakikuwepo cha kutolewa. Nikasoma mara tatu nikitafuta uongo, nikaukosa. Basi nikalichagua hilo.

Kisha likaniomba neno la siri. Heh! Siku hizi mtu akikuomba namba ya siri unakata simu. Niliinuka, nikazunguka meza. Neno lenyewe mume wangu aliniandikia kwa mkono wake akiwa wodini, nami nikalipokea nimenuna. Hapo ningepaswa kujiuliza kama mtu anayeficha jambo hutoa ufunguo. Lakini ukishaamua kushuku, hata wema unauona mtego. Nikakaa, nikaliandika.

Programu ikaingia. Nikabonyeza faili nikiwa tayari kumtukana marehemu.

Hazikuwa barua. Zilikuwa nota. Wimbo mzima, mistari minne, kila sauti na mstari wake. Juu alikuwa ameandika kwamba ni wa kuimbwa siku tutakapotimiza miaka thelathini ya ndoa, siku ambayo hakuifikia. Kumbe ndicho alichokuwa akinificha! Sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne zilikuwa zimejaa nota. Ya pili, ambayo ndiyo yangu, ilikuwa tupu. Mimi sisomi nota. Nilizoea kuitafuta sauti yangu kwa sikio, naye ananifuata akiandika. Kwenye mstari huo alikuwa ameweka maneno tu: "Mama watoto, akirudi kwaya."

Woi. Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Nilimshuku yule mtu kila jioni na sikumuuliza hata siku moja, na yeye alikuwa ananingoja.