Shamari ya Baba na Wageni wa Kagondo

Baba yangu alikuwa mwalimu Kagoma, na ustaarabu aliuokota popote Wazungu walipoudondosha. Siku moja alirudi kutoka Bukoba mjini na mbegu za shamari alizopewa na mke wa Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza wa wilaya. Aling'oa mboga za mama nyuma ya jiko, akapanda mbegu zile. Zikaota, majani membamba kama nyuzi, harufu tamu ya kukaba koo. Bibi yule, alisema baba, hutafuna mbegu hizo baada ya chakula. Tangu hapo akapiga marufuku kahawa ya kutafuna nyumbani kwetu, eti ni ushenzi, na akiba yote akawagawia majirani. Majirani hawakubisha.

Mhaya kumkaribisha mgeni bila kahawa! Mama alinuna mwezi mzima, baba akadhani anaumwa.

Basi wakaja washenga kutoka Kagondo kuniposa. Kijana mwenyewe nilimjua kanisani. Aliimba vibaya lakini kwa moyo wote, nami nilimpenda, sioni haya kusema. Walibeba vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambayo ikinywewa basi posa imekubaliwa. Nilijibanza nyuma ya mlango nisikilize.

Baba akawaletea shamari kwenye sahani ya kaure. Mshenga mkubwa akainusa, akawatazama wenzake. Harufu ile waliijua wote: ndiyo ya dawa ya chupa iliyotolewa zahanati ya misheni kwa watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo. Nyumba ikinukia hivyo, ndani mna kichanga.

"Waitu mwalimu," aliuliza kwa upole na kwa heshima ya Kihaya, "mtoto ana miezi mingapi?"

"Mtoto gani?"

"Huyo mnayemficha. Wa binti yako."

Mzazi mwingine angeapa, angemwita mama atoe ushahidi. Baba alikasirika kwa ajili ya shamari. Aliwapa somo zima kuhusu mmea ule na adabu za mezani za Waingereza, na mimi hakunitaja hata kidogo. Wageni walimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza. Kisha wakanyanyua vibuyu vyao, vimejaa vilevile, wakaaga.

Baba akaingia ndani akijifuta jasho.

"Umenusurika, mwanangu," akasema. "Ukoo mzima wa washamba."

"Tata," nikamwambia, "mshamba wao mmoja nilikuwa namtaka."