Jina Ambalo Felismina Hawezi Kuliandika

Saa moja asubuhi, mtaa wa Rahaleo mjini Mtwara. Felismina Jaime amekaa kibarazani, daftari mapajani, na kalamu haiendi. Amekwama pale pale alipokwama tangu Januari: ukurasa wa kumi na tisa.

“Nimechoka, mwanangu,” ananiambia, akisugua kiuno. “Hadithi za kima wanaoiba korosho niliziandika huku napika. Hii ya utoto wangu mwenyewe imenishinda.”

Mwalimu huyu mstaafu wa miaka sitini ametunga vitabu kumi na kimoja vya watoto. Vyote kwa pamoja huuzwa nakala kama mia tatu kwa mwaka, kwa hiyo utajiri tusiuzungumze. Cha kumi na mbili ni kumbukumbu za utoto wake, na mchapishaji anakitaka kabla mwaka haujaisha.

Ukurasa wa kumi na tisa ni mwaka 1970, familia yao ikikimbia vita Msumbiji. Felismina, mwenye miaka mitano, anavushwa Mto Ruvuma mgongoni kwa kaka yake, Joaquim, wa miaka kumi na miwili, ambaye hajaenda jandoni bado. Maji yanamfika kaka kifuani. Mama yao, nyuma, anamwita mwanawe kwa jina la utotoni ili asilegee.

Jina hilo ndilo balaa. Kwa Wamakonde, mtoto akitoka jandoni hupewa jina jipya, kama hilo la Joaquim, la zamani likaachwa huko huko. Kumwita nalo mtu mzima ni kumvua nguo hadharani. Felismina analijua hilo, kazaliwa humo. Lakini utamu wa kuandika ulimpofusha. Januari alikwenda Kitaya, kijijini kwa Joaquim, akausoma ukurasa ule kwa sauti, jina na yote, mbele ya wajukuu wa kaka yake.

Mzee aliinuka, akaenda zake shambani. Miezi minane hakupokea simu ya dada yake.

“Mtu kanivusha mtoni, nami namvunjia heshima mbele ya wajukuu zake,” anasema Felismina. “Niliona aibu hata kula.”

Mhariri alimshauri abuni jina lingine. Alijaribu, akalifuta.

“Nikiliandika, namsikia mama anamwita mtoto wa jirani.”

Wiki iliyopita alirudi Kitaya kuomba radhi. Joaquim alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mdogo wangu, yameisha,” alimwambia. “Na jina utaliandika. Lakini kwanza unizike.”

Felismina anafunga daftari. Jana alimpigia mchapishaji simu kumwambia asimsubiri.

“Miaka yote nimeomba vitabu vyangu vitoke upesi,” anasema. “Hiki naomba kichelewe. Hata mimi nikitangulia, sawa tu.”