Mama Pindo na Friji Isiyopumzika

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo la sketi aliyoishona yeye halikufumuka hata mvaaji aruke ukuta. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, kwa cherehani ya umeme, na aliishi na mama mkwe wake tu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani alionekana kwa nadra.

Mwaka ule umeme uliwashinda. Yuniti zilizokuwa zikiwatosha mwezi mzima sasa hazikumaliza wiki mbili, mita ikalia kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake. Shule moja ikamletea oda ya sare mia mbili, naye akaogopa kuipokea. Faida yote ingeliwa na umeme.

"Nipeni wiki mbili nifikirie," akawaambia.

Kisha akatafuta mchawi, na jicho likamwangukia mama mkwe. Bibi yule aliwasha runinga asubuhi na kusinzia mbele yake hadi adhuhuri.

"Mama, unalala, runinga inaongea peke yake."

"Silali, mwanangu. Nasikiliza huku nimefumba macho."

Kesho yake Mama Pindo akachomoa waya wa runinga, akaufungia kabatini.  Mama mkwe alikaa palepale kitini, mikono mapajani, akitazama kioo cheusi. Siku nne nzima. Na yuniti zikaendelea kuyeyuka vilevile.

Ukimya ule ulimchoma Mama Pindo kuliko matusi. Jumapili asubuhi akazima kila kitu ndani ya nyumba, akavuta kigoda mbele ya mita. Kitaa chake chekundu, ambacho hupepesa umeme unapotumika, kikatulia. Akarudisha waya wa runinga, akaiwasha. Kitaa kikapepesa polepole, kama mtu mwenye usingizi. Balbu tatu za chumba cha kushonea, zile za zamani zinazounguza vidole, zikaishinda runinga kwa mbali. Pasi ikakitia kitaa wazimu, lakini ulafi wa pasi aliujua. Mwisho akawasha friji, akangoja injini yake ipumzike. Akangoja zaidi ya saa. Haikupumzika.

Jumatatu akaja fundi wa mafriji, mtu mnene, mcheshi, aliyeitwa Baridi. Hakufungua hata kisanduku cha zana. Alichukua kipande cha karatasi, akakibana kwenye mlango wa friji, akakivuta kwa vidole viwili. Kikatoka bila ubishi.

"Mpira wa mlango umekufa," akasema. "Ubaridi unatoka, joto linaingia, mashine inakimbia haifiki. Halafu mmeibandika ukutani, na meza ya kupigia pasi iko ubavuni mwake. Hata wewe ungetoka jasho, dada."

"Kwa hiyo si runinga?"

"Runinga? Hiyo mnaionea."

Mama mkwe, kutoka kitini kwake, akakohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua.

Baridi akabadilisha mpira, wakaisogeza friji mbali na ukuta na meza. Alipoondoka, Mama Pindo akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Nisamehe, Mama. Nimekubambikia kesi isiyo yako."

"Kesi imefutwa, ila faini ipo. Cherehani yako isogeze dirishani. Mchana kweupe unawasha taa, jua lenyewe linakushangaa! Nimeona miaka yote, lakini nani angemsikiliza msinziaji?"

Mama Pindo akacheka mpaka machozi yakamtoka, akalipa faini siku ileile. Balbu tatu akaziondoa, akaweka moja tu, ya aina mpya isiyokula umeme. Nguo akaacha kuzipiga pasi mojamoja. Alizikusanya, na mama mkwe akawa msimamizi.

"Zima sasa," aliamuru zikibaki mbili. "Moto uliobaki unazitosha."

Wiki mbili alizoomba zilipotimia, yuniti zilikuwa zimepungua kidogo tu. Mama Pindo akaenda shuleni kupokea oda, na wakaifanya pamoja: yeye cherehani, mama mkwe vifungo, runinga ikiwaongelea pembeni.

Siku ya kufungua shule walisimama mlangoni, wakatazama wanafunzi wakipita na sare mpya.

"Yule wa tatu," mama mkwe akasema, akinyoosha kidole, "vifungo vyake nimeshona mimi."