Mkia Alioukataa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na kama ana kasoro basi ni hii: hawezi kushona kitu kibaya hata umlipe. Mpe kitambaa cha kufutia vumbi, atakirudisha kimetiwa maua pembeni. Ndiyo maana nilicheka mwalimu wa wakunga alipomletea kazi ya kushona viinitete, yaani mtoto anavyokuwa tumboni kabla hajaonekana mtoto.

Vielelezo vya plastiki vya chuo vilikuwa vimevunjika. Mwalimu alitaka vya kitambaa, vikubwa kiasi cha kushikika, kuanzia yai lililorutubishwa hadi wiki ya nane. Aliacha picha zenye maelezo ya herufi ndogo. Macho ya mama yamechoka, kwa hiyo kusoma kukawa kwangu.

Kwangu kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mwaka uliotangulia mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa changa, na mama mkwe, aliyenifulia shuka kwa mikono yake mwenyewe, alinifariji kwamba nisihuzunike, ilikuwa damu tu. Alisema kwa upendo, najua. Lakini maneno yale yalinikaa kooni. Nilitaka mtu mmoja akubali kwamba nilifiwa, na nilitaka mtu huyo awe yeye. Sasa katika zile picha niliiona wiki ambayo wangu alikomea.

Mwanzo ulikuwa raha. Yai liligawanyika mawili, manne, manane, na mama akashona vidonge vya vitambaa vilivyobaki vya wateja, kila kimoja na rangi yake. Kitonge cha chembe nyingi kilitoka kizuri hadi mteja mmoja akaulizia bei. Nilimsomea kwamba kitonge hicho hupata uwazi ndani, kisha hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mama akasema bwana mdogo kashapata chumba cha kupanga. Wiki ya tatu, kilipokuwa na tabaka tatu, sikuhitaji kumweleza: alitafuta kitambaa cha juu, cha kati na bitana.

Ugomvi ulizuka wiki ya nne. Picha ilionyesha kitu kilichojikunja, chenye mkia. Mama alikishona bila mkia, na juu ya hapo akakitia tabasamu. Mwalimu alipokuja kukagua, akakikataa. Mama akamjia juu: ameogesha watoto wachanga wa mtaa mzima, hajaona hata mmoja mwenye mkia, na hataanza kuwasingizia uzeeni. Mwalimu akamweleza taratibu kwamba mkia huo hupotea wenyewe, ukabaki mfupa mdogo mwishoni mwa uti wa mgongo. Mama akajipapasa nyuma ya gauni. Kisha akachukua wembe akalifumua lile tabasamu.

Tangu siku hiyo alishona picha ilivyo, na maswali yakaanza. Moyo umeshaanza kupiga? Nikamwambia umeanza, tangu mwisho wa wiki ya tatu. Anasikia? Bado. Alikuwa akiuliza huku ameinamia sindano, na nilianza kuogopa kwamba atafika kwenye wiki ya mtoto wangu bila kujua.

Tulifika wiki ya saba. Nilisoma nusu ya maelezo nikaiweka karatasi chini, nikasingizia chai jikoni. Hakunifuata. Niliporudi nilimkuta anashona vidole, kimoja kimoja, bado vimeshikana kwa utando mwembamba kama picha ilivyotaka. Tulikunywa chai tukizungumzia bei ya uzi.

Alipomaliza kazi yote aliipanga mezani, kuanzia lile yai. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema, "wako alifika wapi?"

Nilionyesha kwa kidole. Alikichukua kile cha wiki ya saba, akakilaza kiganjani na kukitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe alishakuwa na mikono," alisema. "Na mimi nikakwambia damu."

Akanivuta kifuani pake. Tulimlilia mtoto wetu hapo hapo kati ya vitambaa vya watu, mimi mama yake na yeye bibi yake.