Yangeyange Mwenye Kishikio

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo lake lilikuwa halijui kupinda. Sketi za shule, mapazia ya ofisi, suruali za wanaume wasiojua kiuno chao, vyote vilipita kwenye cherehani yake iliyokaa dirishani. Sindano ya mkono aliichomeka kwenye ukosi wa gauni, na hakuwahi kumpa mtu amtungie uzi. "Siku nitakayotungiwa uzi," alizoea kusema, "funikeni cherehani."

Siku hizi dirisha lilikuwa na ukungu hata jua likiwaka. Alifuta kioo mpaka akachoka, ndipo akajua ukungu haupo kwenye kioo. Hakumwambia mtu. Fundi asiyeona, nani atampelekea kitambaa?

Wifi yake alikuwa mpishi wa wafanyakazi wa hifadhi ya mikoko, na kila mara alimwalika. "Utashona mpaka ndege wahame hujawaona." Kukataa tena kungezua maswali. Bi Pindo akapiga moyo konde, akaenda.

Maji yalikuwa yamekupwa. Njia ya mbao ilipita juu ya matope, na mwongozaji mwenye sauti ya chini akawaonyesha wageni ndege. Vitwitwi wale, wanakimbia kama waliosahau kitu nyumbani. Mwari yule, na mfuko wake chini ya mdomo. Wageni wakasema "aah", na Bi Pindo akasema "aah", akichelewa kidogo, kama mtu anayeimba wimbo asioujua.

Kisha akaona kitu. Cheupe, juu ya mzizi wa mkoko, kimetulia. Akainua mkono.

"Yangeyange yule pale. Msimshtue."

Wote wakanyamaza. Mmoja akaelekeza kamera, halafu akaishusha taratibu. Mwongozaji akakohoa.

"Wifi," akasema wifi yake, "yangeyange huyo ana kishikio."

Ulikuwa mfuko wa nailoni, umenasa. Watu wakacheka, naye akajichekesha. "Nilikuwa nawapima macho." Wifi akaacha kucheka kabla ya wengine. Akamvuta mkono, wakabaki nyuma kwenye benchi.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Sare ya mwanangu ilikuja mfuko mmoja kifuani, mwingine kwapani. Nikadhani ni mtindo."

Bi Pindo akatazama matope. "Ukisema mtaani, nimekwisha."

"Mtaa unajua, wifi. Wanavaa hivyo hivyo."

Mbali, heroe waliokuwa wametua majini wakaruka wote mara moja. Hakuona shingo wala bawa. Aliona kitambaa kirefu cha waridi kikikung'utwa hewani, kikakunjwa upya. Akawawaza watu waliovaa mapindo yaliyokwenda kombo, wakashukuru, wakaenda zao. Ilikuwa heshima au huruma? Kama kuna mshono kati ya hizo mbili, hakuuona.

"Daktari wa macho yupo," wifi akasema. "Ukungu unatolewa."

"Na wakiharibu?"

"Umewanyamazisha watu wazima kwa ajili ya mfuko. Kimebaki nini cha kuharibu?"

Waliponyanyuka, sketi ya wifi ikanasa kwenye msumari wa benchi, pindo likafumuka. Bi Pindo akachomoa sindano ukosini bila kufikiri. Uzi uliochomoka pindoni ukapita kando ya tundu. Ukapita kando tena. Akanyoosha mkono.

"Nitungie."

Wifi akaipokea sindano kama aliyepewa kitoto kichanga. Akalowesha uzi mdomoni, akafumba jicho moja, akalenga. Uzi ukapita kando. Akaisogeza sindano mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Wapi.

"Wifi," akasema Bi Pindo, "na wewe tangu lini?"

"Mimi ni vya karibu tu. Vya mbali naona mpaka kishikio."

"Ndiyo maana wali wako una mawe."

"Na wewe ndiyo maana huyaoni, unayala."

Wakawarudia wageni kwa njia ya mbao, mmoja ameshikilia pindo lake, mwingine ameshikilia mkono wa mwenzake. Mbele, juu ya mzizi, palikuwa na kitu cheupe.

"Huyo ni ndege au mfuko?" Bi Pindo akauliza, na safari hii aliuliza kwa sauti, wageni wote wakisikia.

Wifi akakaza macho. "Ndege," akasema. "Huyo ni ndege kweli."