Siku Taa Yangu Ilipohesabiwa Redio

Jamani, kuna aibu ya kuficha na kuna aibu iliyoonwa na foleni nzima ya mpakani, na yangu ni hiyo ya pili, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Kasulu ikiwa imeongezwa chumvi.

Dada yangu mdogo, Eveta, ni mkunga huko Titye, na umeme ukikatika huzalisha kwa tochi ya simu. Nilipokwenda Burundi kufuata vitenge nikamnunulia taa kubwa ya sola, ambayo pia ina redio (mimi na redio mnanijua). Njia nzima juu ya bodaboda nikaifungulia mpira, sauti juu, mpaka dereva naye akawa anashangilia.

Mpakani, upande wa Kibondo, afisa wa forodha akaigeuzageuza. "Hii ni taa au redio?" Nikasema taa, bosi. Akanieleza kwa upole kwamba kitu chenye kazi mbili hutozwa ushuru kwa ile kazi yake kubwa. Taa ya sola ina unafuu, redio haina. Hapo ningenyamaza aiangalie mwenyewe, lakini mimi na ujuaji wangu nikaomba madirisha ya ofisi yafungwe ili kila mtu aone inavyowaka.

Wakafunga. Foleni ikasogea kutazama. Nikabonyeza, ikatoa mwanga hafifu, ikazima, maana chaji karibu yote ilikuwa imeishia kwenye mpira. Nikabonyeza tena kwa pupa, nikagusa kitufe kingine, na mtangazaji akasikika gizani akimsifu kipa.

"Kaka," akasema mama mmoja mwenye ndoo ya mawese, "taa yako inaongea vizuri."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Afisa alijizuia. "Mimi naandika ninachokiona. Kama huna ushuru wa redio iache hapa, jua likitoka tuichaji, tuitazame tena." Jua gani, na mawingu yalikuwa yameshafunga vilima vyote? Na hela ilikuwa imeishia kwenye vitenge.

Nikaiacha, nikafika Titye na vitenge vyangu tu. Nilimkuta Eveta ananawa. Alikuwa ametoka kuzalisha gizani, simu kaing'ata kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Nilipomsimulia hakunigombeza, aliniuliza tu, "Kaka, mpira wenyewe ulikuwa mzuri?"

Nilikosa pa kuweka uso. Tangu siku hiyo kitu nilichomnunulia mtu sikiwashi njiani, hata iwe fainali.