Mota ya Shafti Moja

Mota ya kwanza ya msumeno wetu wa kukata mawe ilikuwa na shafti mbili. Moja ilizungusha bledi, na ya pili, iliyotokea upande wa nyuma, ilizungusha pampu ndogo iliyovuta maji kutoka kwenye pipa na kuyamwaga juu ya jiwe. Maji yalirudi pipani, yakavutwa tena, mchana kutwa, kwa hiyo hata wiki ambazo mifereji ya mtaa wetu wa Uthiru ilikauka tuliendelea na kazi bila vumbi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeuunda mtambo huo kwa mikono yake, na aliionea fahari ile pampu kuliko alivyonionea mimi. Simlaumu.

Mota ilipoungua, nilitumwa mjini mimi. Kaka alikuwa na mawe ya kubandika ukutani ya mteja wa Mountain View na hakutaka kuweka nyundo chini.

"Shafti mbili," aliniambia, akinyoosha vidole viwili mbele ya macho yangu.

Nilikasirika. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado alinituma kama anayetuma mtoto chumvi.

Barabara ya Kirinyaga niliingia duka moja tu. Mwenye duka alikuwa mzee mpole kutoka Ukambani, na swali lake likawa juu ya shafti hizohizo.

"Unataka ya shafti moja ama mbili?"

"Mbili."

"Hiyo iko stoo, Industrial Area. Kuja kesho asubuhi utapata nimekuletea. Hapa niko na ya moja, lakini hii iko na nguvu kushinda hiyo yenu."

Nilitazama saa. Marafiki zangu walikuwa Kenyatta Market, nyama iko motoni, na nilikuwa nimeahidi kufika kabla hawajaimaliza. Sababu ni hiyo tu. Natamani ingekuwa kubwa zaidi, lakini nimeitafuta nyingine miaka yote hii na sijaipata. Nikamwambia mzee anifungie hiyo ya moja.

Nilirudi Uthiru jioni, shati linanuka moshi wa nyama. Kaka aliigeuza mota huku na huku, akapapasa upande wa nyuma.

"Na ile ingine?"

"Bro, nimezunguka Nairobi yote. Kirinyaga Road yote, mpaka Gikomba. Za shafti mbili zimeisha. Hata hazitengenezwi siku hizi."

Hilo la mwisho nililitia kunogesha tu, na ndilo lililonifunga. Kaka aliniamini. Alitazama viatu vyangu vyenye matope, akanipa pole, akamwambia mkewe aniwekee chai. Niliinywa yote.

Alitoboa jerikeni akaining'iniza juu ya bledi, lakini maji ya jerikeni yakishamwagika yamekwenda. Siku za maji alikata kwa maji. Siku nyingine, na hizo ndizo zilikuwa nyingi, alikata kavu, kitambaa kimefungwa puani. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka mawe na kupiga domo na wateja. Nikirudi namkuta mweupe mpaka kope, mkewe akimtania kwamba ameolewa na mzee bila kujua. Nami nilicheka nao. Usiku mmoja mmoja, kitandani, nilijiambia kesho nitarudi kwa yule mzee wa duka. Lakini ningemwambia nini kaka, kwamba zimeanza kutengenezwa tena? Basi wiki zikawa miaka.

Kikohozi kilianza kama mafua. Baadaye akashindwa kupanda mlima mdogo wa kutoka yadi hadi barabarani bila kusimama mara mbili. Daktari alituambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, na kwamba vumbi hilo haliondoki. Nilikwenda chooni nikafungua maji yatiririke ili nisisikike nikilia.

Mota nayo mwishowe ilishindwa. Vumbi liliiingia ndani, ikaungua. Nilirudi kwa yule mzee, akaniuliza ya shafti moja ama mbili, akaniambia nije kesho. Alfajiri nilikuwa nimeketi mlangoni pake kabla hajafika na funguo. Jioni hiyo pampu ilikuwa inazunguka.

Kaka aliletwa kwenye yadi ameshikwa na mkewe, akawekewa kiti. Alikuwa amekonda, suruali imekusanywa kwa mshipi. Alitazama maji yakiosha jiwe, vumbi hakuna, akatabasamu.

"Ulipata wapi?"

"Hapo tu mjini. Bro, ile siku ya kwanza ulinituma..."

Aliinua mkono. "Najua. Ulitembea sana hiyo siku. Nilikuona ukirudi, umechoka kabisa."

Kisha kikohozi kikamshika. Ningeweza kungoja kiishe ndipo niseme. Alikohoa muda mrefu, nikapata nafasi ya kutosha ya kupanga maneno, na alipotulia nikamuuliza kama anataka maji ya kunywa.

Tulimzika nyumbani kwetu, magharibi mwa Kenya, kabla mwaka haujaisha. Wasemaji walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya hema nikijifanya nasimamia viti. Shemeji aliposhika maikrofoni aliniita kwa jina mbele ya waombolezaji wote, nikalazimika kwenda kusimama kando yake, jeneza liko mbele yetu.

"Huyu mnaona hapa," alisema, "alitembea Nairobi yote akitafutia bwana yangu mota. Hakuna ndugu mwingine angefanya hivyo. Bwana yangu alisema msumeno ubaki na yeye, na akanituma nimshukuru mbele ya watu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Watu walikuwa wakiningoja niseme.

Nikasema, "Asante, shemeji."